Siku ya Kapita

Tulimuita Kapita, na mupaka leo tunamuita vile. Jina lake la ubatizo nalijua, maana mimi majina hayanipotei, lakini sitaliandika hapa kwa sababu mwenyewe alikataza. Alisema jina lile ni la mama yake na la padri aliyemubatiza. Sisi wengine tumuite kwa kazi aliyotufanyia. Na alitufanyia kazi mbili. Kwanza alitupiga. Kisha alikataa tupigwe. Wale wa komite, wenye wanamutafutia siku ya kumukumbuka, wanataka kusikia ile ya pili tu.

Jumamosi kuko mukutano ku chefferie, biro ya chefu wetu. Nimeitwa nisimame mbele ya watu niseme kama Kapita anastahili kupewa siku yake, siku ya férié, yenye inchi nzima watafunga soko na biro na masomo, kutoka huku kwetu Masisi mupaka Kinshasa. Wazee wenye walimuona na macho yao tumebaki wachache, na mu hao wachache kuko wenye wanaita watoto wao kwa majina ya mbuzi. Kwa hiyo wananitegemea mimi. Nikisema ndiyo, barua yao inaenda kwa serikali. Nikisema hapana, jina la Kapita linazikwa pamoja na sisi. Wanafikiri ni neno rahisi. Muntu yule alinipiga mugongo mupaka nikalala na tumbo juma nzima, sikuweza kugeuka.

Alikuwa murefu, mwembamba, mikono inakaribia magoti. Kofia yake ilikuwa ya majani, ukingo umeliwa na panya upande mumoja, na hakutaka ingine. Alitembea haraka sana mutelemuko na polepole sana mupando, si kama sisi watu wa milima, sisi tunafanya kinyume. Mikono yake ilikuwa safi. Kwetu mikono safi ya mwanaume ilituogopesha kuliko panga.

Kapita, kwa watoto wenye hawajui, ni muntu mwenye anasimama kati ya Patron na watu. Halimi, lakini shamba si lake. Anakula nyama ya Patron, lakini anaikulia inje, nyuma ya jikoni. Ferme ya Patron, shamba la kufugia ng'ombe, ilikuwa juu ya kwetu Burungu, na ng'ombe zake zilikula mulima wote mupaka ku muto. Ule mulima babu zetu walilima maharagi na mihogo juu yake, wakazaa, wakazikana pale. Halafu karatasi ilikuja kutoka muji, na mulima ukakuwa wa Patron. Tukaruhusiwa kulima pembeni, mu mabonde yenye maji mengi, na bei ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi, kila nyumba, muntu mumoja: kung'oa majani mabaya, kuchimba mifereji, kusimamisha lupango, ua wa ng'ombe. Tuliita salongo. Radio ilisema salongo ni kujenga inchi. Sisi tulijenga lupango.

Alikuwa na chuma, jante ya gurudumu la kamio, imetundikwa ku muti wa kalitusi. Aliipiga asubui, na mwenye alifika wakati chuma imenyamaza alikuwa amechelewa. Lakini watu hakuwahesabu. Hapo njo alikuwa tofauti na makapita wa mashamba mengine. Wale walihesabu vichwa kama ng'ombe. Yeye alitoka mustari mupaka mustari, anaita kila muntu jina lake, na la baba yake, na mwenye hayupo alimujua pale pale. Musimamizi wa Patron alipomuuliza, "Kapita, leo muko wangapi?" alijibu, "Usiniulize ni wangapi. Uniulize ni nani." Watu walisema ni kiburi. Mimi nilisema ni ubaya, maana muntu mwenye anajua jina lako hauwezi kujificha nyuma ya mwingine. Baadaye neno lile lile alilisema kwa wakubwa wa serikali, na watu wakampigia makofi. Neno halikubadilika. Mwenye kulisikia njo alibadilika.

Sasa niseme ile ya mugongo.

Mutoto wangu Mapendo alilala na homa, usiku kucha nilimupanguza na maji. Chuma ikalia, nikamufunga mugongoni, nikakimbia. Nilifika chuma imenyamaza. Mvula ya mawe ilikuwa inaanza kuanguka, ile midogo yenye inaruka mu majani. Kapita alikuja na fimbo yake ya mukahawa. Hakulalamika, hakutukana. Akaniambia, na sauti ya chini kabisa:

"Shusha mutoto kwanza."

Nikafungua kitambaa. Akavua kofia yake, akaiweka juu ya kichwa cha Mapendo mu majani ili mvula isimupige. Kisha akanipiga mimi. Alipomaliza, akachukua kofia, akaivaa, akaendelea na mustari.

Watu wengi wamenitendea mabaya mu maisha yangu, na vita imetuletea wengine wabaya kuliko yeye. Lakini mubaya ni mubaya, unamutukana, unalala. Huyu wa kofia ndiye alinisumbua. Nilimuuliza bwana yangu, Shukuru, Mungu amuweke pema: muntu mwenye anafikiri juu ya kichwa cha mutoto, anawezaje kusahau mugongo wa mama yake? Shukuru akajibu, "Hajasahau. Anajua. Anafanya na kujua." Na yeye Shukuru alikuwa amepigwa mwaka wa mbele yake.

Namna aliacha kupiga, komite wanaitoa mu discours, hotuba zao, kama muujiza, eti roho ilimushukia. Roho gani? Nilikuwa pale.

Kwetu, kama kuko maiti mu kijiji, jembe haliguse udongo. Ni kaburi tu inachimbwa. Mupaka maiti azikwe, hakuna kulima, hakuna kutwanga, hata kuku hawachinjwe isipokuwa kwa wageni wa kilio. Kila muntu wa Masisi anajua, awe wa kabila gani, awe Mukatolika ao Muprotestanti. Hata Patron alijua. Siku moja, muke wa muzee Bauma alikufa mu kuzaa, yeye na mutoto. Ilikuwa usiku wa kuamkia Alhamisi. Patron alikuwa anangojea wakubwa kutoka muji wakuje kuona ng'ombe zake, na mufereji ulikuwa haujamalizika. Akatuma neno: salongo itafanyika, maiti atangojea.

Asubui chuma haikulia. Tulisikiliza. Wanawake tulikuwa kwa Bauma, tumekaa chini, tunasikiliza kimya ile kama watu wenye wanangojea mutoto alie. Haikulia. Mwisho Kanyere, rafiki yangu, mwanamuke wa mudomo mukubwa, akasema, "Ao Kapita amekufa na yeye?" Akatumwa muntu kuangalia. Akarudi akasema: Kapita ameshusha jante ku muti, ameiweka chini, amekaa juu yake.

Jeep ya Patron ikapanda. Watu wengine walienda kuona, na mimi nilikuwa mu hao. Patron hakutoka mu jeep, alitoa kichwa tu.

"Kapita. Watu wako wapi?"

"Wako ku kilio, Patron."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Na mimi niko ku kilio."

"Inuka, piga chuma."

"Siwezi kuinuka, Patron. Nikiinuka nitaipiga."

Ni hivyo alisema. Si neno la shujaa. Ni neno la muntu mwenye anajiogopa mwenyewe. Komite wameandika kwamba alisema, "Haki za raia haziuzwe." Hakusema vile. Alisema akiinuka ataipiga, na kwa hiyo hakuinuka. Polisi wakakuja wakamuinua wao, wakamupiga mbele yetu, na tuseme ukweli, kuko wenye walifurahi. Mimi sikulia. Niliangalia fimbo inapanda na kushuka nikasema ndani ya roho, basi sasa unajua uzito wake.

Akafungwa. Alipotoka, Patron alikuwa amemunyang'anya nyumba na shamba dogo lenye muke wake Furaha alilima, na Furaha na watoto wanalala kwa kanisa. Tukafikiri atahama. Hakuhama. Akaanza kupita kilima kwa kilima, kofia yake ya panya kichwani, anafundisha watu kukaa.

Kukaa njo ilikuwa kazi yake. Hakufundisha watu kupiga mawe, hakufundisha kuchoma lupango. Alisema: Alhamisi mwende wote, mapema, na majembe yenu, ili wasiseme munaogopa kazi. Mukifika, mulaze jembe chini, mukalie mupini. Wanawake mbele. Musiimbe, maana mukiimba watasema ni rébellion. Na muntu wa serikali akiuliza muko wangapi, kila muntu aseme jina lake na la baba yake. Hapo njo alitumia tena kazi yake ya zamani: alijua kila muntu, nyumba yake, muzigo wake, muwoga na mukali. Aliwapanga mustari kama zamani. Kama umechelewa, alikuangalia na macho yale yale.

Tulikalia mupini Alhamisi nyingi. Matako yalituuma. Siku moja polisi mugeni akamusukuma Kanyere na mguu:

"Simama, mama! Huu mulima ni wa Patron!"

Kanyere akamujibu bila kugeuka, "Mulima ni wake, baba, sijabisha. Lakini matako ni yangu. Mimi nimekalia yangu."

Polisi mwenyewe akacheka. Kapita hakucheka. Alimukaripia Kanyere jioni, mbele ya watu, eti ameharibu ukimya. Kanyere akamuambia, "Weye ulikuwa unatupiga tusimame, sasa unatugombeza namna ya kukaa. Lini utatuacha tu?" Kapita alisimama, akavaa kofia yake, akaenda.

Vile njo alikuwa. Alitutoa mu utumwa na mukono wa kapita. Furaha aliniambia ku muto, tukifua, "Inje ni uhuru, dada. Nyumbani bado chuma inalia." Watoto wake walikula wakati yeye amesema, walinyamaza wakati yeye amesema. Kanisani, mbele ya misa, alipita akinyoosha mabenchi. Mu ndoa ya binti yangu aliwapanga wageni tangu murefu mupaka mufupi, na hakuna mwenye alimuomba. Kasiksi, pombe ya ndizi, hakunywa, lakini alipenda tumusifu, na kama muntu alisahau kumutaja mu mukutano alinuna siku mbili tatu. Vijana wa muji wakamuita Président. Alikataa: "Kapita." Wakafikiri ni unyenyekevu. Ilikuwa azabu, alijipa mwenyewe, na aliipenda kidogo, kama muntu anapenda kidonda chake.

Mwisho Patron alishindwa. Si kwa huruma: majani yalikula ferme, ng'ombe zilitoka mu lupango yenye imeoza, na wakubwa wa territoire, wilaya yetu, walichoka kupanda mulima kwa ajili ya watu wenye wamekaa. Wakatuita, wakasema mbele yetu wote kwamba Alhamisi ni yetu. Siku ile nililima mu bonde langu Alhamisi, muchana wazi, hakuna mwenye ananitazama, na nilijisikia muwivi. Bonde lilibaki bonde. Mulima haukurudi. Na shamba la Kapita halikurudi, wala hakuna mumoja wetu mwenye alisimama kusema lirudishwe. Tulikuwa tumepata yetu.

Alijaribu tena ku migodi ya Rubaya, kwa wenye kubeba mifuko ya coltan, mawe ya kuuza, ku mugongo. Nilisikia kwa wengine. Aliwaambia wakalie mifuko kama sisi tulikalia mipini. Wakamucheka. Mumoja akamuambia, "Muzee, jembe ukililaza, mihogo inaendelea kukomaa. Mufuko nikiukalia, mimi na watoto tutakula mawe?" Hakurudi tena kule. Hiyo komite hawaiandike, maana shujaa hachekwe.

Halafu vita. Kila muntu alikimbia upande wake. Sisi tulilala mu kambi, tukarudi, tukakimbia tena. Shukuru alikufa mu njia. Kapita tukasikia amekufa, tukasikia amevuka mupaka, tukasikia tena amekufa. Mupaka hawa wa komite wakakuja na makaratasi yao.

Walikuja kwangu wanne, na viatu vya muji vimejaa matope. Président wao ni mwana wa Patron. Sikosei: yule mudogo, mwenye tulikuwa tunamuona mu dirisha la jeep anakula ndizi ya kuiva. Sasa ana kitambi, na anatafuta kura. Sekretere wake akasoma: "Tangu utoto wake, marehemu alikuwa na roho ya haki."

Nikauliza, "Marehemu nani?"

"Kapita, Koko." Koko ni bibi, vile njo wananiita wote.

"Kapita hajakufa. Muntu mwenye anauza mafuta ya ngazi, ya mawese, alimuona. Yuko Walikale, mu njia ya mugodi wa Omate, kwa binti yake."

Wakaangaliana kama watu wenye wameambiwa maiti amekohoa. Président akacheka kidogo.

"Koko, nyamaza basi hiyo. Siku ya taifa hawaipatie muntu mwenye bado anakula bugali."

"Mungojee afe?"

"Tusingojee, tuendelee. Yeye mwenyewe atafurahi. Unajua, yeye na papa yangu walikuwa marafiki."

Nilimuangalia. Niliangalia tena ule mudomo, kama bado kuko ndizi.

"Marafiki," nikasema.

"Walitofautiana mu mawazo, lakini waliheshimiana. Hiyo njo demokrasia, Koko."

Wakanipatia kikwembe, kitenge cha zawadi. Juu yake kuko picha ya muntu na kravate na miwani. Nikauliza huyu ni nani. Sekretere akasema picha yake hawakupata, mufundi wa Goma amechora namna alivyofikiri. Kapita hakuvaa miwani siku moja mu maisha yake. Kofia hakuna. Nimekunja kikwembe, nimekiweka chini ya mufuko wa maharagi.

Na hii njo ilinichoma kuliko yote. Wiki iliyofuata, muntu wa komite akapita na filimbi. Kila nyumba itoe muntu mumoja, barabara isafishwe, mifereji ichimbwe, wakubwa watakuja ku mukutano wa Kapita. Mwenye hatakuja atatoa kuku. Mujukuu wangu Neema alirudi jioni, mikono imetoka malengelenge, akajitupa chini.

"Koko, huyu Kapita alikuwa nani? Mucheza mupira?"

"Alikuwa muntu mwenye alikataza kazi ya bure."

Akaangalia mikono yake. "Na sasa tunamufanyia kazi ya bure."

"Ndiyo."

"Basi hakukataza sana."

Kesho yake nikamuambia bwana yake Neema, mwenye moto, pikipiki, anibebe Walikale. Wote walinipigia kelele: umri wako, njia, watu wa bunduki. Nikasema, muntu akitolewa ushuhuda lazima mashahidi wamuone. Tulienda. Matope yalimeza moto mupaka nilishuka na kutembea, milima yetu ikaisha, pori ikaanza, joto ile ya kule yenye inakukalia kifuani. Ku kila barrière, kizuizi cha watu wa bunduki, wakauliza tunaenda wapi, na nikajibu tunaenda kuona mugonjwa. Tulipishana na watu wanabeba mifuko, wameinama, hawasalimu. Nikafikiri, hawa njo walimucheka, ao watoto wao.

Binti yake anauza bugali kwa wachimbaji. Alinijua kabla sijasema. Akanionyesha nyuma ya nyumba.

Alikuwa amekaa juu ya mukeka, amepunguka sana, mikono ile mirefu imekuwa kama kamba. Macho yamefunikwa na weupe. Kofia hakuna, kichwa kiko wazi na kidogo. Nikamusalimia. Hakuuliza ni nani. Alisikiliza sauti, akageuza kichwa.

"Watu wa Burungu bado wanakula maharagi yale mekundu?"

"Wenye wamebaki."

"Kaa."

Nikakaa. Binti akatuletea bugali na sombe ya majani ya mihogo, akatuacha. Nilimueleza yote: komite, barua, férié, mwana wa Patron, picha ya miwani. Alipenda ile ya miwani, akagusa macho yake. Nikamueleza filimbi na kuku. Hapo akaacha kutafuna.

"Wanasema nini juu yangu?"

"Ulikuwa na roho ya haki tangu utoto."

Akacheka mupaka akakohoa, nikamupatia maji. "Tangu utoto! Na fimbo ilikuwa ya nani?"

"Fimbo hawakuiandika."

"Na weye, Jumamosi, utaisema?"

"Nikiisema, hawakupi siku. Nisipoisema, watampa siku muntu mwingine mwenye jina lako. Yule wa miwani."

Nilisikia vijana mbele wanagombana juu ya sahani. Nikamuuliza, maana niliendea hiyo: "Unaitaka?"

Nilifikiri atakataa. Nilikuwa tayari nimepanga namna nitakavyowaambia: mwenyewe amekataa, kwendeni nyumbani. Lakini hakukataa.

"Ninaitaka," akasema. "Nitakudanganya juu ya nini? Ninaitaka sana. Mu usiku ninawaza watoto wa masomo wanaimba jina langu. Muzee mupumbavu." Akapanguza mudomo. "Lakini nilipiga watu. Ni nani?"

"Ni wengi."

"Sikuuliza ni wangapi. Uniambie ni nani. Weye njo ulikuwa na kichwa ya majina. Mimi yameanza kunitoka, na yakinitoka, nitakufa muntu muzuri, na si kweli."

Basi nikasema. Shamavu mwana wa Lukanga, juu ya mufereji. Bauma mwenyewe, mbele muke wake hajafa. Mukoko mulemavu wa mukono. Ndugu wawili wa Kahindo, siku moja. Shukuru bwana yangu. Mama Nsimire mwenye alikuwa na mimba ya Deo. Kanyere, mara nyingi, kwa sababu ya mudomo. Kila jina alitikisa kichwa, anasema, "Ndiyo." Mengine aliongeza yeye: "Kwa bega." "Alianguka mu maji." Sombe ikapoa. Nikafika mwisho.

"Umeruka mumoja," akasema.

"Sikuruka."

"Umeruka Riziki, binti wa Mutima, mama wa Mapendo. Kulikuwa na mvula ya mawe."

Riziki. Watu wenye waliniita vile wote wako chini ya udongo. Mimi ni Koko, mimi ni mama wa huyu na wa huyu. Nilikaza kikwembe changu kiunoni.

"Ulijua mupaka leo," nikasema, "na haukuniomba musamaha hata siku moja. Tulikalia mipini pamoja miaka."

"Ungenipa."

"Na kisha?"

"Na kisha ningelala vizuri."

"Nisingekupa," nikamuambia. "Usijidanganye. Sikukupa, na leo sikupi. Mapendo alikufa na homa ile juma lile lile. Si wewe ulimuua, najua, ni homa. Lakini sikuweza kumubeba. Mama yangu njo alimubeba mupaka mwisho, maana mugongo wangu ulikuwa umefungwa na vitambaa."

Hilo hakulijua. Niliona inamuingia. Macho yale meupe yalibaki mahali pamoja, mudomo ukafunguka. Sikumusaidia. Nilimuacha nayo muda wake wote.

Kisha nikasema, "Siku nitakupa."

Akageuza sikio.

"Musamaha si wa komite, ni wangu, na ninaubakisha. Lakini siku utapata, upande wangu. Kwa sababu ulikuwa unapiga, ukaacha. Mimi nimezeeka, Kapita. Nimeona wenye kupiga wa kila rangi ya nguo, wanakuja, wanaenda, wanarudi na nguo ingine. Mwingine mwenye aliacha sijamuona. Jumamosi nitasimama niseme fimbo na kuacha, yote mbili, na majina yote, mbele ya mwana wa Patron. Wakitaka shujaa bila fimbo, wamutafute kwingine."

"Watakunyamazisha."

"Najua."

"Hawatatoa siku."

"Najua na hiyo."

Akatafuta kwa mukono juu ya mukeka, si mukono wangu, sahani. Akaisogeza upande wangu, kama anasema nikule mimi. Sikukula.

"Mapendo," akasema polepole, kama muntu anajifunza. "Mapendo wa Shukuru na Riziki." Halafu: "Sema tena yote. Huyo umuweke wa kwanza."